Hawakuzomea, Waliondoka: Kisa cha The Sound of Music Jijini Mwanza

Mama aliyekaa mbele yangu alianza kwa kufunga khanga. Mtoto wake mdogo alikuwa amelala mapajani, mkubwa ameegemea mgongo wa kiti, na jukwaani kijana aliyeigiza Kapteni bado alikuwa anatafuta namna ya kushika maiki ili isivume. Mama akambeba mdogo mgongoni, akamkaza vizuri, akamshika mkubwa mkono, akapita mbele ya magoti ya watu akisema "samahani, samahani" kwa sauti ya chini, kama anayetoka kanisani kabla ya baraka. Hakusonya. Hakumtazama mtu. Nje mvua ilikuwa imeanza, na bado alitoka.

Hadi mapumziko yanatangazwa, safu yetu ya viti 12 ilikuwa imebaki na watu watano. Safu za nyuma ndiyo usiseme. Nayaandika haya kwa uchungu, maana nilikuwa nimelisubiri onyesho lile tangu siku ya kwanza niliposikia kwamba linafanyiwa mazoezi.

Jumapili iliyofuata kikundi kilichoigiza kiliniita kwenye kikao chao niwaeleze nilichokiona. Ni vijana wa hapa hapa Mwanza. Sitawataja kwa jina, wala ukumbi sitautaja. Wamejituma kuliko wengi wanaowasema, na kosa lililofanyika usiku ule nimewahi kuliona likifanyika kwenye matamasha ya kwaya, kwenye mahafali, hata kwenye sherehe za kitaifa. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Niliyowaambia siku ile ndiyo haya, na mengine nimeyawaza baadaye.

Kwa asiyeijua, The Sound of Music ni tamthilia ya muziki iliyofunguliwa New York tarehe 16 Novemba 1959. Muziki ni wa Richard Rodgers, maneno ya nyimbo ni ya Oscar Hammerstein. Maria, binti anayejiandaa kuwa mtawa katika abasia ya Nonnberg mjini Salzburg, Austria, anatumwa kulea watoto saba wa Kapteni von Trapp, mgane anayeiendesha nyumba yake kwa filimbi kama meli. Maria anawafundisha watoto kuimba, nyumba inapata uhai. Kisha Machi 1938 Ujerumani ya Hitler inaimeza Austria, Kapteni anatakiwa kwenda kutumikia jeshi la wanamaji la hao waliomeza nchi yake, na familia inakimbia. Wengi wetu tuliijua kupitia filamu ya 1965.

Ukiniuliza ni mji gani Tanzania ungeipokea hadithi hii kwa mikono miwili, ningesema Mwanza bila kusita. Mapadri Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, waliweka kituo Bukumbi, karibu na mji, mwaka 1883, na leo huwezi kutembea Jumamosi jioni kutoka Mabatini hadi Igoma usipite kwaya tatu zikiwa mazoezini. Masista tunao. Watoto wanaoimba ndio usihesabu. Na lile somo ambalo Maria anawapa watoto wa Kapteni, do re mi, sisi hatulijui kwa sababu ya filamu. Tunalijua kwa sababu ndivyo tunavyosoma muziki: mwalimu anaandika ubaoni d, r, m, f, s, l, t, anaweka nukta na vistari vyake, na mtoto wa darasa la nne anakusomea sauti ya pili bila kinanda. Watu walioketi ukumbini usiku ule walikuwa wasomaji wa noti. Kiingilio kilikuwa shilingi 10,000 kwa mkubwa na 5,000 kwa mtoto, na mzazi aliyekuja na watoto wawili alikuwa ametoa hela ya maana.

Na walianza vizuri. Hilo lisisahaulike. Jukwaani, hadithi hii inafunguliwa na watawa wakisali kwa Kilatini. Kikundi kilikuwa kimewaazima wanawake wanane kutoka kwaya za mjini, wakasimama bila maiki na bila rekodi, mashuka meusi yameshonwa yakawa mavazi ya kitawa. "Alleluia" ilipanda pole pole mpaka kwenye mabati. Masista halisi waliokuwa safu ya tatu niliwaona wakinyooka mgongo. Nilijiambia: leo tumepata.

Kisha ikawashwa rekodi.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watu wengi waliolalamika walisema "waimbaji wabovu", na si kweli. Muziki wa kusindikiza ulikuwa umepakuliwa intaneti, umepigwa na okestra ya kwao huko, na do ya karibu kila wimbo ilikuwa imewekwa juu mno kwa koo za vijana wetu. Mpiga kinanda angeiona shida ndani ya mistari miwili akaishusha. Rekodi haishuki. Wala haisubiri. Mwimbaji wa Mwanza amelelewa kwa mkono wa mwalimu: akivuta pumzi ndefu, kinanda kinavuta naye, akiona watu wameguswa, anarudia kiitikio. Mweke mtu huyo mbele ya muziki usiomwona, atapotea hata awe na sauti ya malaika.

Nilimwona akipotea mwenye sauti bora kuliko wote. Sehemu ya kwanza ya onyesho inafungwa na wimbo wa Mama Mkuu wa abasia, anapomwambia Maria asijifiche utawani, apande kila mlima mpaka auone wito wake. Aliyeuimba ni mama wa makamo ambaye nimemsikia misa nyingi. Alianza chini, akakusanya, akafika pale wimbo unapopaa, akavuta pumzi kama tunavyovuta sisi. Rekodi ikaenda. Aliporudi na noti yake, okestra ilikuwa mbele yake vipigo vitatu. Akaikimbilia. Niliona mkono wake wa kushoto ukipiga paja, ukihesabu, ukitafuta pa kuingilia, na uso ule wote wa Mama Mkuu ukawa uso wa mtu aliyeachwa na daladala. Alimaliza. Makofi yalikuwa machache, lakini hata hao wa kupiga makofi wengi walikuwa wameshaondoka. Kilichowaondoa kilitokea nyuma kidogo.

Kilitokea kwenye do re mi. Watoto saba, maiki mbili za mkononi. Mdogo wao, Gretl, aliigizwa na binti wa miaka kama sita, amesukwa twende kilioni, gauni la pazia. Zamu ya sauti yake ilipofika, maiki ilikuwa mikononi mwa kaka yake. Akafungua mdomo, akaufunga. Kaka akamnyooshea maiki lakini muziki ulikuwa umeshapita mahali pake, na mtoto akaishika kwa mikono yote miwili, akabaki anaitazama.

Mtu mmoja upande wa kulia, sauti ya besi, akamwokoa: "Do." Tu. Mama mmoja nyuma yake akaongeza re. Kabla sijageuka kutazama, ukumbi ulikuwa umeshaingia. Sopurano zilitoka kwa masista na wasichana wa nyuma, tena zikajipanga bila kuambiwa. Wanaume wakashika chini. Mzee mmoja akawa anapiga kigoda cha mbele yake kwa vidole. Mtoto akainua macho. Akaimba, na aliimba sawasawa, kwa sababu sasa muziki ulikuwa unamwona.

Ikadumu kama nusu dakika. Mshereheshaji akatoka pembeni na maiki ya tatu, ambayo kumbe ilikuwepo. "Ndugu watazamaji, tunaomba utulivu. Waacheni watoto waimbe, nyinyi msikilize. Hili ni onyesho, siyo kwaya." Rekodi ikarudishwa mwanzo, watoto wakapangwa upya.

Hakuna aliyejibu. Tulinyamaza kama tulivyoombwa, na wimbo ulipokwisha tukaendelea kunyamaza. Ni kuanzia hapo nilipoanza kusikia miguu ya viti vya plastiki ikikwaruza sakafu, kimoja, vingine viwili, kisha yule mama wa mbele yangu na khanga yake.

Sehemu ya pili tuliitazama tukiwa wachache, na hapo ndipo watu walipocheka pasipostahili. Maofisa wa Hitler waliingia wakiwa wamevaa sare za walinzi wa kampuni, kofia na kirungu, na vijana wa nyuma wakaangua kicheko. Sikuwalaumu wale wa kwenye viti. Hakuna aliyekuwa amewaambia Austria ni nchi gani, nani ameimeza, na kwa nini mwanamume mwenye jumba na vyeo aogope bendera. Mshereheshaji alikuwa na muda wa kuwataja wafadhili mara tatu. Dakika mbili za kusema "mwaka 1938 nchi hii ilichukuliwa na jirani yake ndani ya siku chache, na aliyekataa alikamatwa" zingetosha. Watu wa mji huu wanajua mkimbizi ni nini. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, ziwa hili lilileta maiti waliochukuliwa na mto Kagera, na mikoa ya jirani ilijaa kambi. Familia inayojificha kwenye bustani ya abasia ikisubiri gari la askari lipite haikuhitaji kufafanuliwa sana kwa watu hawa. Ilihitaji tu kufunguliwa mlango.

Vivyo hivyo wimbo wa ua la edelweiss, ua dogo jeupe la milimani ambalo Kapteni analitumia kuiaga nchi yake mbele ya maofisa wenyewe. Ni wimbo mfupi, mwepesi kuuimba, na kijana wetu hapo alisikika, maana mvua ilikuwa imepungua. Ukaimbwa kwa Kiingereza, ukapita. Na sisi hapa tunayo sikukuu nzima inayoitwa maua. Bulabo, ile ya Bujora pale Kisesa, inayoanza na maandamano ya Ekaristi mwezi Juni na kuendelea na mashindano ya ngoma, jina lake kwa Kisukuma ni maua. Sentensi moja kabla ya wimbo, na nusu ya ukumbi ingekuwa na kitu cha kushika.

Lakini si kila lawama ilikuwa ya haki. Kijana mmoja wakati wa mapumziko aliniambia kwa uhakika mkubwa kwamba wamekosea, kwamba usiku wa radi watoto wanapomkimbilia Maria kitandani, wimbo wake si ule wa mchunga mbuzi. Kwenye filamu si huo, ni kweli. Kwenye tamthilia ya jukwaani ndio huo. Filamu ndiyo iliyohamisha nyimbo, ikatoa nyingine, na Rodgers akaandika mbili mpya peke yake kwa sababu Hammerstein alikuwa ameshafariki, Agosti 1960. Hapo kikundi kilifuata kitabu vizuri kabisa na kikahukumiwa kwa kosa ambalo hakikufanya. Mvua juu ya bati nayo hakuna wa kuilaumu.

Nje, chini ya baraza, watu walikuwa wanasubiri mvua ikatike na bajaji zije. Wengine walisema wamepigwa na wanataka hela yao. Dada mmoja alisema watoto wanaonewa, wangefundishwa vizuri. Mzee mmoja wa kutoka Kisesa, ambaye mjukuu wake alikuwa miongoni mwa wale watoto saba, alisimama kimya na kofia yake mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Umelionaje?"

Akafikiri. "Kwetu aliyeshindwa hazomewi. Anaachwa."

Sentensi ile ndiyo niliyokwenda nayo kikaoni, na kwa asiyetoka Usukumani nitaieleza. Ngoma za Wasukuma zina pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu, zinazofuata njia za waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Msimu wa mavuno wanakutana uwanjani. Hawachezi kwa zamu. Wanacheza kwa wakati mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, na watu wanatembea katikati. Anayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana kuna wanaocheza na chatu shingoni, ndiyo maana kuna ngoma ya bugobogobo na majembe yanayorushwa juu yakadakwa, ndiyo maana kuna dawa za kuvuta watu ambazo hakuna manju, kiongozi wa ngoma, anayekubali kuzitaja. Mtazamaji hana karatasi ya alama. Alama yake ni miguu. Ukimchosha, hakutukani, anavuka kwenda kwa mwenzako, na ukirekebisha mambo anarudi, tena bila kinyongo. Na anapokuwa upande wako hasimami kama mlingoti: anaitika, anashangilia, anakutuza.

Ukumbini hapakuwa na upande wa pili wa kuvukia. Upande wa pili ulikuwa mlango.

Kikaoni mwongozaji wao, kijana msomi ninayemheshimu, alisema: "Mwalimu, tukubali tu, watu wetu hawana utamaduni wa kukaa ukumbini. Maonyesho ya namna hii yanataka mtazamaji aliyezoea." Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Nilimwuliza kama ameshaona wigashe. Ni ngoma ya Wasukuma inayochezwa watu wameketi, na jina lake linatokana na kukaa huko. Nikamwuliza misa ya mkesha wa Pasaka huchukua muda gani, na ni watu wangapi hutoka kabla haijaisha. Watu wetu wanakaa. Wanakaa saa tatu, wanakaa saa nne, watoto mapajani. Wasichozoea ni kukaa bila kuhesabiwa. Mtu akitoa sauti yake kumsaidia mtoto aliyekwama, ukamwambia anyamaze kwa sababu hii siyo kwaya, umemwambia kwamba alichonacho hakihitajiki hapa. Atakuheshimu, atanyamaza, na atakwenda mahali kinapohitajika.

Alinijibu kwamba watu wakiachiwa waimbe kila wimbo, hadithi itapotea, maneno hayatasikika. Ana hoja. Kuna mahali pa kunyamaza, na ule wimbo wa Mama Mkuu ni mmojawapo. Lakini do re mi ni darasa. Mwenyewe Maria anaimba ili watoto wamfuate. Kama kuna wimbo mmoja katika tamthilia za muziki zote unaoomba ukumbi ujibu, basi ni huo, na kuuzuia ukumbi wa wasomaji wa noti usiujibu ni kumzuia samaki asiogelee. Hapo nilipandisha sauti, na nilimwomba radhi mbele ya wote.

Tukafika kwenye lugha. Mazungumzo waliyatafsiri wao, kwa Kiswahili kizuri, lakini nyimbo zote waliziacha kwa Kiingereza wakisema hazitafsiriki. Kutafsiri kazi ya mtu kunahitaji ruhusa ya mwenye haki, hilo ni la kwanza, na nilifurahi kusikia barua wameshaiandika. Ila neno "haitafsiriki" silikubali hivi hivi. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama hapo mkoa jirani, alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venisi, mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi. Hakutafuta neno linalofanana. Alitafuta neno ambalo Mtanzania wa miaka ile angelisikia likimgusa.

Do re mi kwa Kiingereza ni mchezo wa maneno: kila noti inafananishwa na neno la Kiingereza linalosikika kama hiyo noti. Ukitafsiri maana, unabaki na paa jike na mwale wa jua, na noti zenyewe zimepotea. Kwa hiyo usitafsiri. Anza upya. Tuliwaita watoto saba waliokuwa wanacheza nje ya kikao, tukaandika noti ubaoni, tukawaambia walete maneno.

Do walimaliza hapo hapo: dodo, lile embe. Re, reli. Mi, mimi. Fa ilileta ubishi. Mmoja alisema farasi, na mpiga kinanda, ambaye sasa amechukua nafasi ya rekodi, akakataa. Akaeleza kwa kuimba: Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, faRAsi, na noti inaangukia fa, kwa hiyo mkazo unakwenda kombo na sikio linakataa. Neno lazima liwe la silabi mbili. Watoto wakakaa kimya, kisha kaka mwenye maiki akasema faru, kama yule wa Serengeti. So ikawa soko, la ikawa lala.

Ti ndiyo iliyotukalisha mpaka giza linaingia. Tikiti lilipendwa na wote, na mpiga kinanda akalikataa kwa sababu ile ile. Tiba ilipita kwa mkazo, lakini watoto walisema ni neno la zahanati. Onyesho la pili ni baada ya wiki tatu, wenye vipande vya tiketi vya siku ile wataingia bure, na ruhusa ya tafsiri ikichelewa tutaimba herufi zenyewe, noti tupu, ukumbi ukijibu kwa sauti nne.

Yule mdogo, Gretl, alikuwa amekaa chini akichora na chaki sakafuni. Bila kuinua kichwa akasema, "Tisa."

Mpiga kinanda akabonyeza noti, akaiimba, akaiimba tena. Akanitazama, nikachukua chaki nikaiandika ubaoni.